Mti Mama Usio na Daftari: Historia ya Miche ya Michungwa ya Kubebesha katika Mwambao wa Mwanza, Ziwa Victoria

Utangulizi

Historia ya kilimo ya mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria ni, kwa sehemu kubwa, historia ya pamba. Anayesoma maandiko makuu kuhusu eneo hili, tangu kitabu cha N.V. Rounce cha mwaka 1949 kuhusu kilimo cha Majimbo ya Ziwa, Magharibi na Kati, kile cha D.W. Malcolm cha mwaka 1953 kuhusu Usukuma, hadi historia ya Tanganyika iliyoandikwa na John Iliffe mwaka 1979, hukutana na pamba, mifugo, mmomonyoko wa udongo na siasa za ushirika. Upendeleo huo una sababu. Pamba ililipa kodi, ilijenga vinu vya kuchambulia, ilizaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955 na kumpatia Paul Bomani jukwaa la kisiasa. Mchungwa haukufanya lolote kati ya hayo. Ulisimama uani, ukawapa watoto matunda, na mwenye nyumba akauza debe moja au mawili pale ada ya shule ilipohitajika.

Makala haya yanauangalia mti huo wa uani kwa swali moja: mche wake ulitoka wapi? Swali linaonekana dogo, lakini kwa mti unaodumu miaka thelathini au zaidi, chanzo cha mche ndicho uamuzi mkubwa kuliko yote ambayo mkulima atafanya. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba pamba na mchungwa katika Mwanza hazikutofautiana kwa thamani ya fedha peke yake. Zilitofautiana katika udhibiti wa chanzo. Mbegu ya pamba ilikuwa na mlango mmoja wa kupitia, na mlango huo uliwekewa mlinzi. Kikonyo cha mchungwa hakikuwahi kuwa na mlango. Kwa hiyo uaminifu wa mche ulibaki mikononi mwa mtu aliyeubebesha, na gharama ya kosa lake ikalipwa na mnunuzi miaka minne baadaye.

Neno moja kuhusu vyanzo linahitajika. Pale ambapo maandishi yanasema machache, mti wenyewe ni hati inayosomeka. Mchungwa uliotokana na mbegu hurefuka sana, huwa na miiba mirefu, na shina lake ni moja tangu ardhini hadi matawini. Uliobebeshwa una mshono sentimita ishirini au thelathini juu ya ardhi, mahali ambapo gome la chini na la juu hazifanani, na mara nyingi unene wake pia haulingani. Zaidi ya hayo lipo chungwa lenye kitovu, Washington Navel. Asili yake ni Bahia, Brazil. William Saunders wa Idara ya Kilimo ya Marekani alipokea miti yake mjini Washington mwaka 1870, na mwaka 1873 Eliza Tibbets aliipanda miwili Riverside, California. Chungwa hilo halina mbegu, kwa hiyo haliwezi kuenea kwa mbegu, na kwa kawaida huenezwa kwa kubebeshwa juu ya shina la mti mwingine. Maana yake kwa mwanahistoria ni kubwa. Popote katika Afrika Mashariki panapokutwa chungwa lenye kitovu, hata kama hakuna waraka wowote unaolitaja, tunajua kwa yakini kwamba mkono wenye kisu ulipita hapo, na kwamba mkono huo ulipokea kijiti kutoka mkono mwingine, hivyo hivyo hadi Bahia. Ni mafaili machache ya serikali yenye uhakika wa namna hiyo.

Mbegu iliyosafiri ndani ya tunda

Pwani ya Waswahili iliifahamu jamii ya mchungwa karne nyingi kabla ya kituo chochote cha utafiti kuanzishwa. Lugha yenyewe inashuhudia: chungwa, chenza, kangaja, danzi, ndimu, limau, balungi na furungu. Watu hawatoi majina manane kwa kitu wasichokitofautisha. Bara, hata hivyo, matunda hayo yalifika kwa kuchelewa, yakifuata njia za misafara. Stanley alipopita Tabora mwaka 1871 aliandika kwamba Waarabu wa huko walizoea kupanda michungwa, milimau, mipapai na miembe kuzunguka matembe yao. Kutoka Tabora njia ilipanda kaskazini kupitia Usukuma hadi ziwani, ile ile aliyoifuata Speke hadi alipoliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858.

Kinachostahili kusisitizwa ni namna safari hiyo ilivyowezekana. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba. Kijiti cha mchungwa kilichokatwa Bagamoyo kisingestahimili miezi hiyo hata kama kingefungwa kwa migomba mibichi. Mbegu iliyoanikwa nayo isingefaa, kwa kuwa mbegu za jamii hii hupoteza uwezo wa kuota zikikauka. Lakini mbegu iliyobaki ndani ya tunda ilisalimika kwa muda, na tunda lililozaliwa Tabora lilitoa mbegu mbichi kwa safari ya pili. Mchungwa ulihamia bara kwa hatua, mti ukizaa mti, kila kituo cha biashara kikiwa kitalu pasipo mtu kukusudia.

Wamisionari nao wana nafasi yao. White Fathers, waliotoka Algeria mwaka 1878 na kulifikia ziwa kwa njia ya Kageye, walianzisha kituo cha Bukumbi mwaka 1883, kusini mwa mji wa sasa wa Mwanza. Ni kawaida katika simulizi za eneo hili kuwapa wao sifa ya kila mti wa matunda wenye umri. Mwandishi wa makala haya haioni sababu ya kuipokea kawaida hiyo bila mjadala. Njia ya Tabora ilikuwapo kabla yao, na mbegu ya chungwa haihitaji padri wala mfanyabiashara. Inahitaji mtu aliyekula tunda akaitema mahali penye unyevu.

Hapa pana dhana nyingine inayopaswa kusahihishwa, kwa sababu imeingia hata katika vipeperushi vya ugani. Husemwa kwamba mchungwa wa mbegu haurithi utamu wa mama yake, ndiyo maana kubebesha kunahitajika. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Mbegu moja ya chungwa tamu kwa kawaida huwa na viinitete kadhaa, na vingi kati ya hivyo hutokana na tishu za mti mama pekee bila kuchanganyika na chavua. Mche unaoota hapo ni nakala ya mama. Furungu ni tofauti: mbegu yake ina kiinitete kimoja kilichotokana na uchavushaji, hivyo mtoto wake hafanani naye. Bibi aliyepanda mbegu ya chungwa tamu Magu akapata chungwa tamu hakubahatisha. Alichokosa ni muda. Mchungwa wa mbegu hungojewa miaka saba hadi kumi kabla ya kuzaa vizuri, ilhali uliobebeshwa huanza katika mwaka wa tatu au wa nne.

Tena mbegu ilikuwa na fadhila ambayo haikujulikana hadi baadaye sana: magonjwa makubwa ya virusi na bakteria ya michungwa, kwa kawaida, hayapiti ndani yake. Kila mti wa mbegu ulianza maisha ukiwa safi. Kikonyo hakina fadhila hiyo. Hubeba utamu wa mama, wepesi wake wa kuzaa, na maradhi yake yote.

Kisu, reli na meli

Kubebesha kwa jicho ni kazi ya dakika mbili kwa mwenye ujuzi. Mche wa shina unapofikia unene wa penseli, gome lake hukatwa kwa umbo la herufi T na kufunguliwa taratibu. Jicho moja hukatwa kutoka kikonyo cha mti mama pamoja na kipande chembamba cha gome, likapenyezwa ndani ya ufa huo, kisha likafungwa kwa utepe. Zamani nyuzi za migomba au katani, siku hizi nailoni. Baada ya wiki mbili au tatu utepe hufunguliwa. Jicho lililobaki kijani limeshika, na sehemu ya juu ya shina hukatwa ili nguvu yote iende kwa mgeni. Kazi hii hufanywa wakati wa mvua, gome linapoachia kwa urahisi. Katika Mwanza, yenye mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka na kiangazi kikali kuanzia Juni hadi Septemba, majira hayo ni machache na hayamsubiri mtu.

Ujuzi huo haukuwa siri. Kilichokwamisha kuenea kwake bara ni umri mfupi wa kikonyo. Kikikatwa na kufunikwa kwa unyevu na ubaridi hudumu wiki chache tu. Kwa hiyo historia ya miche ya kubebesha katika mwambao wa ziwa inafuata ratiba ya vyombo vya usafiri kwa karibu kuliko inavyofuata sera yoyote ya kilimo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Meli zilizofuata ziliunganisha bandari za ziwa, na ghafla Muanza ya Wajerumani ikawa siku chache kutoka Mombasa badala ya miezi. Ng'ambo ya ziwa, bustani ya mimea ya Entebbe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1898. Upande wa Wajerumani, Taasisi ya Biolojia na Kilimo ya Amani, iliyoanzishwa katika milima ya Usambara mwaka 1902, ilikusanya mimea ya kigeni na kugawa mbegu na miche kwa walowezi na vituo, huku jarida lake, Der Pflanzer, likieneza maarifa ya upandaji kuanzia mwaka 1905. Hata hivyo Amani iko upande wa pili wa nchi. Ni hadi mwaka 1928, reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza, ndipo kikonyo kilichokatwa Tanga au Morogoro kilipoweza kufika ziwani kikiwa hai bila kuzunguka kupitia Kenya.

Mwaka huo wa 1928 hutajwa katika vitabu kwa sababu ya marobota ya pamba yaliyoanza kwenda Dar es Salaam. Kwa historia ya matunda, mabehewa yaliyokuwa yakirudi yana umuhimu zaidi.

Pamba ilikuwa na daftari

Ili kuelewa kilichokosekana kwa mchungwa, hatuna budi kutazama kilichofanyika kwa pamba kilometa zipatazo thelathini kusini mwa mji. Kituo cha Ukiriguru, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilijulikana duniani kwa aina za pamba zenye herufi UK. J.E. Peat na K.J. Brown pamoja na wenzao walichagua mimea iliyostahimili wadudu na ugonjwa wa bakteria, wakaizidisha, na kila aina mpya ikaingizwa eneo baada ya eneo ikiisukuma nje iliyotangulia.

Mfumo huo uliwezekana kwa sababu ya umbile la zao lenyewe. Pamba mbichi haina matumizi mengi nyumbani. Lazima iende kwenye kinu. Humo nyuzi hutengana na mbegu, na mbegu hurudi kwa mkulima kupitia mikono ile ile. Anayekishika kinu anashika mbegu ya jimbo zima. Serikali ya kikoloni, na baada yake vyama vya ushirika, ilihitaji tu kuamua ni mbegu ipi irudi wapi. Masalia ya pamba yaling'olewa na kuchomwa kwa amri, hivyo hata mmea wa zamani haukupewa nafasi ya kubaki shambani kwa ukaidi.

Chungwa halina kinu. Kila anayelila ana mbegu kiganjani, na kila mwenye mti ana mamia ya macho ya kukata. Mti wenyewe hauondoki kila mwaka kupisha aina bora. Ukishapandwa vibaya unakaa kizazi kizima. Mamlaka zilizozoea kusimamia mbegu kwa kushika mlango zilikuta hapa uwanja usio na uzio. Nadhani hii, kuliko dharau kwa chakula cha familia inayotajwa mara nyingi, ndiyo inayoeleza kwa nini pamba ilipata ukoo uliohesabiwa kwa namba na mchungwa ukapata mabwana shamba wenye nia njema. Chuo cha kilimo cha Ukiriguru kiliwafunza wengi wa mabwana shamba hao. Walikwenda vijijini wakijua kukata herufi T. Daftari la mti uliotoa macho halikuwa sehemu ya mafunzo ya kisu.

Nje ya Afrika Mashariki njia tofauti ilikwisha kuanza. Huko California, baada ya H.S. Fawcett kuonyesha katika miaka ya 1930 kwamba ugonjwa wa magome uitwao sorosisi huenezwa kwa kubebesha, miti mama ilianza kukaguliwa na kusajiliwa, ili kila jicho liweze kurudishwa kwenye mti wenye namba. Huo ndio mlango uliotengenezwa na watu pale ambapo zao lenyewe halikuwa nao.

Shina la limau

Mnunuzi wa miche huuliza jina la tunda: Valencia, Jaffa, Msasa, Washington Navel au ile iliyopewa jina la Matombo, katika milima ya Uluguru. Ni nadra aulize jina la shina, ilhali shina ndilo linaloamua kama mti utaishi.

Katika nchi za Mediterania, baada ya ugonjwa wa kuoza shina kuangamiza mashamba ya Azores katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakulima wengi walikimbilia danzi. Mizizi yake ilistahimili udongo wenye maji, na matunda yaliyobebeshwa juu yake yalikuwa mazuri. Yaliyofaa huko hayakufaa kusini mwa Afrika. Tangu mwishoni mwa karne hiyo wakulima wa Afrika Kusini waliona michungwa juu ya danzi ikinyauka bila sababu iliyoeleweka, wakageukia limau kali lenye ganda la matuta. Jibu lilipatikana Amerika ya Kusini, ambako katika miaka ya 1930 na 1940 mamilioni ya miti juu ya danzi yalikufa. Wabrazili waliuita ugonjwa huo tristeza, yaani huzuni, na mwaka 1946 Meneghini alithibitisha kwamba huenezwa na vidukari. Ni virusi vinavyoziba njia ya chakula pale kwenye mshono, kati ya chungwa na danzi. Juu ya limau mti huohuo huvibeba na kuendelea kuzaa.

Ndiyo maana vitalu vya Tanzania hutumia limau kali. Mkulima wa Misungwi anayeotesha mbegu za limau kwenye viriba anatumia, pengine bila kujua, fundisho lililogharimu mabara mawili. Ila fundisho hilo lina masharti, na masharti yake yanasomeka katika udongo wa Usukuma. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo kwa kila hatua ya mteremko muda mrefu kabla ya Geoffrey Milne wa Amani kueleza mpangilio huo kitaalamu katikati ya miaka ya 1930: luseni, mchanga wa juu karibu na mawe, itogolo katikati, mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, chini. Limau kali lina mizizi mirefu yenye nguvu na hupenda luseni. Likipelekwa mbugani, ambako maji husimama Machi na Aprili, gome lake huoza na kutoa utomvu karibu na ardhi, na mti hufa ukiwa na matunda. Mche uliobebeshwa kwa ustadi kamili unaweza kuuawa na hatua mia za mteremko. Katika hili mzee anayejua majina ya udongo ana mengi ya kumfundisha mwenye kisu.

Ugonjwa wa pili hauna shina linaloukinga. Ni ule unaoitwa kwa Kichina huanglongbing, wa bakteria wanaokaa katika njia za chakula za mti. Majani hupata mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili, matunda hubaki madogo, yenye upande mmoja uliokua kuliko mwingine, na rangi ya kijani haiondoki. Aina ya Kiafrika huenezwa na Trioza erytreae, chawa wa mimea aliyeelezwa kisayansi mwaka 1918 kutoka Eritrea, apendaye nyanda zenye ubaridi na unyevu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwambao wake hauna joto la Tanga la kumdhoofisha mdudu huyo. Uchunguzi wa ugonjwa huu nchini ulikwisha chapishwa mwaka 1992 na Swai na wenzake. Mwaka 2016 Shimwela na wenzake walitangaza kuonekana Tanzania kwa mdudu wa Asia, Diaphorina citri, anayestahimili joto. Kwa hiyo tofauti ya zamani kati ya pwani salama na nyanda za juu zenye hatari haitegemeki tena. Katika mazingira hayo, kikonyo kinachosafirishwa kwa basi kutoka mkoa mmoja hadi mwingine ni barua ambayo mpokeaji hawezi kuisoma.

Matongo na visiwa

Mti wa kudumu unahitaji mtu atakayedumu. Usukuma wa bara ulikuwa nchi ya makazi yanayohama polepole. Familia ilipohama, iliacha matongo, na mwenye kupita aliyatambua kwa mimea iliyobaki. Operesheni Vijiji, iliyoukumba mkoa wa Mwanza mwaka 1974, ilifanya uhamaji huo kuwa wa ghafla na wa lazima. Ng'ombe waliswagwa, mabati yalibebwa, mahindi yalivunwa. Mchungwa haukuhamishika. Kwa aliyekwisha kungoja miaka mitatu mti wake uliobebeshwa, kuhama katika mwaka wa nne kulikuwa hasara kamili, na hasara ya namna hiyo humfunza mtu kupanda mihogo. Wanahistoria wa vijiji vya ujamaa wamehesabu nyumba na mavuno. Miti ya matunda iliyobaki matongoni haijapata mwandishi wake.

Visiwani mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Ukerewe na Ukara zilikuwa na msongamano wa watu na kilimo cha kudumu tangu zamani. H.D. Ludwig, aliyeichunguza Ukara katika miaka ya 1960, alikuta mfumo wa mashamba yanayolimwa kila mwaka kwa mbolea ya mifugo, na miti yenye wenyewe. Mahali ambapo ardhi ni haba na mipaka inajulikana, mti una maana ya umiliki pamoja na chakula. Haishangazi kwamba machungwa ya Ukerewe ndiyo yanayovuka maji kuja Mwanza, na si kinyume chake. Wala haishangazi kwamba visiwani mti mama hukumbukwa kwa jina la mwenyewe: watu husema jicho hili ni la mti wa fulani, na fulani yupo, anaweza kuulizwa. Huo ni usajili wa mdomo, na hufanya kazi mradi mche haujapanda boti.

Soko la miche

Ukishapanda boti au lori, jina la mwenye mti hupotea na jina la mahali hushika nafasi yake. Kandokando ya barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga, muuzaji akiulizwa miche imetoka wapi atajibu Tanga, au atataja Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mara nyingine ni kweli. Jina la mahali penye sifa hufanya kazi ya cheti, na kama vyeti vyote visivyo na namba, haligharimu kitu kulitamka. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliweka taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ikaanzisha mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Lakini mazoea ya ukaguzi yamejengwa juu ya mfuko wa mahindi: umefungwa, una lebo, una kundi la uzalishaji. Mche ndani ya kiriba, juu ya kibebeo cha baiskeli, hauna pa kubandikwa lebo ila mahali ambapo mvua ya kwanza itaiondoa.

Mwandishi hazungumzi haya kwa mbali. Mwaka 2013 baba yake alinunua miche ishirini ya kubebesha kwa ajili ya shamba dogo la luseni Misungwi. Aliambiwa yote ni Valencia. Alichimba mashimo kama alivyoelekezwa, akaweka samadi ya mwaka mmoja, akamwagilia viangazi viwili kwa ndoo. Mwaka 2017 miti kumi na minne ilizaa machungwa. Sita ilizaa limau kali lenye ganda la matuta. Tulipoikagua tulikuta minne ina mshono uliokufa: jicho halikushika, na chipukizi la chini ya mshono likakua likawa mti. Miwili haikuwa na mshono wowote, ila mkato wa kisu gomeni uliopona, wa kumridhisha anayetazama haraka. Baba hakukasirika kama nilivyotarajia. Alisema muuzaji naye huenda aliuziwa.

Tukio hilo ndilo lililoanzisha utafiti huu, na lina jambo moja ambalo nyaraka zisingenifundisha. Miti sita ile haikung'olewa. Ilikatwa kimo cha goti, ikaachwa itoe chipukizi, na mvua za mwaka uliofuata bwana shamba mstaafu akaja kuibebesha upya. Ndipo swali la makala haya lilipoulizwa shambani, pasipo istilahi: macho yatoke wapi? Baba alitaka ya mti mmoja wa jirani, uliosifika kwa utamu. Mstaafu aliuzunguka mti huo mara mbili akigeuza majani, akakataa. Alionyesha tawi moja la upande wa ziwa ambalo majani yake yalikuwa na njano upande mmoja wa mshipa na kijani upande wa pili. Utamu, alieleza, unaonjwa, ugonjwa hauonjwi. Walitembea asubuhi nzima wakikagua miti ya kitongoji, na saa saba walikubaliana juu ya mti usio na sifa, wenye matunda ya kati na majani yasiyo na doa, nyumbani kwa mjane ambaye hakutaka malipo ila debe la kwanza.

Jioni ile baba alichukua daftari langu la zamani la shule, akaruka kurasa za hesabu zilizokuwa zimejaa, akaandika: Machi 2018, mashina 6 ya limau, macho 18, mti wa mama wa mlangoni kwa kisima. Wiki tatu baadaye aliongeza mstari wa pili: yameshika 13.